Daktari Aliyesimama Sokoni



Wapendwa wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, tunayoisoma katika Dominika ya 25 ya Mwaka A, nimeihubiri mara nyingi kwa kumtazama mwenye shamba na ukarimu wake, au wale wa alfajiri na manung'uniko yao. Kwa miaka hii ya karibuni jicho langu limekuwa likikwama mahali pengine: pale sokoni, saa ya kumi na moja. (Sisi tunaohesabu saa zetu tangu macheo hatuna haja ya kufafanuliwa, saa ya kumi na moja ya Mathayo ndiyo saa kumi na moja yetu ya jioni, jua likiwa limeinama na wachuuzi wakianza kukunja maturubai.) Wapo watu wamesimama. Wanaulizwa kwa nini wameshinda pale bila kazi, nao wanajibu kwa unyofu kwamba hapakutokea mtu wa kuwaajiri. Mwinjili hawalaumu. Mikono wanayo, nguvu wanazo, na sokoni wamefika.

Aliyenifundisha kuwatazama watu hao ni binti wa parokia hii hii, mwenye shahada ya uzamivu ya saikolojia ya jamii na afya. Ninaandika habari zake kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina. Sababu ya kuziandika sasa ni kijana mmoja wa kwaya yetu, aliyekuja kwangu mwezi uliopita na barua ya kukubaliwa kusoma fani hiyo hiyo ng'ambo, akaniuliza: "Baba, niende?" Nilipofungua kinywa nimjibu nikatambua kwamba jibu lililokuwa ulimini mwangu ni lile lile nililompa binti yule miaka kumi na zaidi iliyopita. Nilimwambia: "Nenda, mwanangu, utarudi profesa."

Mama yake huuza dagaa mwaloni. Ada ya shahada ya kwanza ilitoka kwenye dagaa hao na kwenye michango ya jumuiya yao, na ufadhili wa kwenda Uholanzi ulipopatikana, nauli na nguo za baridi zilitokana na kiwanja kilichouzwa. Kwa miaka minne alichunguza huko jambo moja tu: kwa nini mgonjwa anayejua fika kwamba dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ndizo zinazomweka hai, anaacha kuzimeza. Aliporudi mwaka 2018 alituletea video ya siku ya kutetea tasnifu yake, tukaitazama sebuleni katika nyumba ya mapadre pamoja na mama yake na viongozi wa WAWATA. Waholanzi wana desturi nzuri. Mtahiniwa husimama mbele ya maprofesa waliovaa majoho, wasaidizi wake wawili wakiwa kando yake, naye huulizwa maswali hadi muda uliopangwa unapokwisha. Hapo mshika fimbo wa chuo huingia na kutamka kwa Kilatini, "Hora est", yaani saa imetimia, na maswali hukoma. Mama yake alitaka sehemu hiyo irudiwe mara tatu. Mimi nilifurahia Kilatini, na sikujiuliza ni saa ya nini hasa iliyokuwa imetimia.

Dominika iliyofuata tuliadhimisha Misa ya shukrani, nami nikafanya kosa. Nilimsimamisha mbele ya altare nikatangaza kwamba parokia yetu sasa imepata daktari wake. Vigelegele vikapigwa. Kesho yake asubuhi watu sita walikuwa wameketi kwenye benchi nyumbani kwa mama yake. Mmoja alikuwa na mtoto mwenye kifafa. Mwingine alimleta mume wake, ambaye alikuwa hasemi tangu msiba wa mtoto wao. Binti yule akawaeleza, mmoja baada ya mwingine, kwamba yeye si daktari wa kutibu. Akawaandikia majina ya hospitali na siku za kliniki, na yule mzee aliyenyamaza akamsindikiza yeye mwenyewe hadi kwa wataalamu wa afya ya akili. Mama wa mtoto mwenye kifafa aliondoka amekasirika, akasema mtaani kwamba msomi wetu anaringa. Maneno hayo yalizunguka hadi vigangoni, na chanzo chake nilikuwa mimi na kipaza sauti changu.

Jioni alikuja kunielimisha, kwa upole ambao sikuustahili. Yupo mwanasaikolojia wa tiba, aliyefundwa kuketi na mgonjwa na kumtibu. Mwanasaikolojia wa jamii huchunguza jinsi mtu anavyofikiri na kutenda kwa sababu ya watu wanaomzunguka, na yule wa afya huuliza kwa nini tunayatenda, au hatuyatendi, yale yanayotuweka wazima. Huko Marekani, uzamivu wa saikolojia ya jamii kwa kawaida haumpi mtu leseni ya kutibu. Uingereza jina la mwanasaikolojia wa afya limelindwa kisheria tangu Julai 2009, na hata mwenye uzamivu wa utafiti hawezi kujiita hivyo mpaka apitie mafunzo ya vitendo na kusajiliwa. Hapa kwetu mtu akisikia neno "daktari" anatoa ulimi ukaguliwe.

Nikamwuliza, basi mtu wa namna yako huajiriwa wapi? Hakunijibu moja kwa moja. Alinisimulia habari za Kurt Lewin, nami tangu siku hiyo nimezisimulia katika kila semina ya walei niliyoalikwa.

Lewin alikuwa Myahudi aliyefundisha Berlin. Mwaka 1933, Hitler aliposhika madaraka, aliondoka Ujerumani na kwenda Marekani. Huko hapakuwa na kiti cha profesa wa saikolojia kilichomngoja. Alipokewa kwanza katika shule ya sayansi kimu ya Chuo Kikuu cha Cornell, kisha katika kituo cha utafiti wa malezi ya watoto huko Iowa. Mtu anayehesabiwa leo kuwa baba wa saikolojia ya jamii aliishi kwa miaka hiyo katikati ya wapishi na walezi. Vita Kuu ya Pili ilipofanya nyama kuwa adimu, ilitakiwa akina mama wa Marekani washawishiwe kupika moyo, figo na viungo vingine vya ndani walivyozoea kuvidharau. (Kwetu huku, ambako supu ya utumbo huisha kabla ya saa tatu asubuhi, wasiwasi wao unachekesha, lakini tuendelee.) Vikundi kadhaa vya akina mama vilipewa mhadhara mzuri juu ya lishe na uzalendo. Vikundi vingine viliketi, vikajadiliana juu ya ugumu wenyewe, harufu na mume atakayenuna, kisha wakanyoosha mikono kuamua nani atajaribu. Walipofuatiliwa baadaye, miongoni mwa waliosikiliza mhadhara ni asilimia 3 tu waliokuwa wamepika kiungo ambacho hawakuwahi kukipika. Miongoni mwa waliojadiliana ilikuwa asilimia 32. Lewin alitoa taarifa hiyo mwaka 1943.

Asilimia 3! Padre aliyezoea kuhubiri dakika arobaini anapaswa kuketi chini anapoisikia hesabu hiyo. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, sidhani kwamba walikuwa wamemsoma Lewin, lakini nadhani wangeelewana naye.

Habari ya pili aliyonipa ilikuwa ya gari la eksirei. Katika miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilikuwa ikipeleka magari mitaani kupima kifua kikuu, bila malipo, tena mlangoni kwa watu, na watu wengi hawakutoka kupimwa. Idara ya afya ya umma ikaajiri wanasaikolojia wa jamii, akina Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, wachunguze sababu. Hochbaum aliwahoji watu zaidi ya 1,200 katika miji mitatu, akachapisha matokeo mwaka 1958. Katika wale walioamini kwamba wao wenyewe wanaweza kuugua, na pia kwamba kugunduliwa mapema kunasaidia, 82 kati ya 100 walikuwa wamepimwa kwa hiari. Katika wale wasioamini lolote kati ya hayo mawili walikuwa 21. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa nadharia inayofundishwa hadi leo katika vyuo vya afya, na waliyoizaa walikuwa watumishi wa serikali waliofuatilia gari. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilikuja kuanzisha kitengo chake cha saikolojia ya afya mwaka 1978, miaka ishirini baadaye. Kazi ilitangulia, kiti cha chuo kikafuata.

Lakini hata kuamini hakutoshi, na hilo alilijua kabla ya kwenda Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza katika jumuiya 20 za vijijini mkoani Mwanza, nusu zikipewa mafundisho na huduma za afya ya uzazi, nusu zikisubiri ili zilinganishwe. Yeye alikuwa msichana wa shule ya msingi katika kijiji kimojawapo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2007, ilionekana kwamba vijana waliofundishwa walijua mengi zaidi na walieleza mitazamo bora zaidi, ila maambukizi ya VVU hayakuonyesha tofauti ya maana. "Baba," aliniambia, "mimi nilikuwa nikipata alama zote katika maswali yale. Na rafiki zangu wawili waliopata alama zote kama mimi wamekufa." Hicho ndicho kilichompeleka Uholanzi. Mimi nilipokuwa nikimtabiria uprofesa, sikuwa nimewahi kumwuliza.

Sasa niseme juu ya kiti hicho cha profesa, maana hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika, na sisi mapadre tukiwabariki. Hesabu yake ni ya darasa la nne. Profesa mmoja, katika miaka yake ya kazi, huwaongoza wanafunzi kumi, pengine ishirini au zaidi, hadi wapate uzamivu. Anapostaafu anaacha kiti kimoja. Vyuo vikiongezeka upesi, kama ilivyokuwa kwetu kwa muda, viti vipya hupatikana. Ongezeko likipungua, waliobaki husimama. Ni kama seminari kuu ingewalea mafrateri wote kwa ajili ya uaskofu na kutowaambia.

Aliwahi kunisimulia walikofikia wenzake waliomaliza karibu naye. Mholanzi mmoja yuko katika idara ya afya ya manispaa yao, akishughulika na wazazi wanaositasita kuchanja watoto. Mjerumani mmoja anafanya kazi katika kampuni ya programu za simu. Huketi nyuma ya kioo akitazama watu wanavyobonyeza, na mshahara wake unapita wa profesa aliyemfundisha. Mmoja amerudi Ghana, anafundisha madarasa ambayo wanafunzi wa nyuma hawamsikii, na utafiti anaufanya usiku. Yuko mwingine ambaye bado ni mtafiti wa mkataba, akiwa katika mkataba wa tatu na nchi ya tatu, miaka miwili hapa na miwili pale, na mchumba wake amechoka kungoja. Na yuko mmoja aliyeacha yote na sasa anaoka mikate. Huyo, kwa maneno ya binti yetu, ndiye anayelala usingizi mzuri kuliko wote.

Yeye alirudi nyumbani, na kwa miezi kumi na minne hakupata kazi. Aliomba vyuoni, akaambiwa angoje kibali cha ajira. Ofisi moja ilimjibu kwamba muundo wao wa utumishi hauna cheo cha namna hiyo, ila wangeweza kumfikiria kwa shahada yake ya kwanza. Mahali pengine aliyemsaili alimwogopa. Alimwuliza mara mbili kama kweli atakubali kuwa chini ya mtu mwenye shahada moja. Mama yake alianza kusali Misa ya kwanza, ya saa kumi na mbili, ili asikutane na watu wa Misa ya pili. Mimi niliona na nikafahamu, nikajifanya sikuona.

Mwaka 1981, katika waraka wake Laborem Exercens juu ya kazi ya binadamu, Mtakatifu Yohane Paulo II aligusa jambo hili hili: kwamba wasomi nao hukosa kazi, ama kwa sababu elimu haikuelekezwa kwenye mahitaji ya kweli ya jamii, ama kwa sababu kazi zinazohitaji elimu hiyo zimepungua au zinalipwa kidogo. Niliusoma waraka huo seminarini kwa ajili ya mtihani. Katika miezi ile niliusoma tena, na sehemu ya mahitaji ya kweli ya jamii ilinisumbua, kwa kuwa mahitaji hayo yalikuwepo. Kliniki ilikuwa na wagonjwa waliotoroka dawa. Binti aliyetumia miaka minne kuchunguza utoro huo alikuwa amekaa nyumbani, kilomita mbili kutoka kliniki, akimsaidia mama yake kuanika dagaa. Kilichokosekana kati yao kilikuwa ni cheo katika karatasi.

Katika mwezi wa kumi na moja aliitwa na kampuni ya michezo ya kubahatisha. Walikuwa wamesoma tasnifu yake, nao walikuwa watu wa kwanza nchini kuisoma yote. Mtu anayejua kwa nini watu huacha jambo, walisema, anajua pia jinsi ya kuwafanya wasiache. Walitaka awasaidie kuelewa ni ujumbe gani, saa gani, humrudisha kijana kuweka mkeka baada ya kupoteza. Mshahara walioutaja ungerudisha kile kiwanja kabla ya mwaka kwisha. Alikuja kwangu kuomba ushauri, na kabla hajamaliza kueleza nilisema, "Kataa." Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, ni rahisi kwako. Chakula chako cha jioni kiko mezani." Kilikuwepo kweli, mpishi alikuwa amekwisha kufunika sahani. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina. Aliikataa kazi ile baada ya juma moja. Sikumwuliza sababu, naye hakunieleza, ila ninajua kwamba mdogo wake wa kiume alikuwa amewahi kuweka ada ya muhula mzima kwenye mikeka.

Hatimaye, mwanzoni mwa mwaka 2020, mradi mmoja uliofadhiliwa na Marekani ulimwajiri katika kliniki ya tiba na matunzo. Cheo kilikuwa kidogo kuliko shahada, na mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ni hapo nilipoona kwa macho yangu kile alichokwenda kusomea.

Jioni moja alikuja ofisini kwangu akiwa na daftari. "Baba," akasema, "kengele ya Malaika wa Bwana ya jioni imechelewa mara nne juma hili." Nilidhani ameleta malalamiko ya kiliturujia, nikajiandaa kujitetea. Akanieleza kwamba mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 jambo dogo lenye nguvu. Mtu anayeazimia kwa ujumla, kwamba atafanya jambo fulani kila siku, hushindwa mara nyingi kuliko yule anayelifunga jambo hilo kwenye tukio mahususi: likitokea hili, hapo hapo nitafanya lile. Mwaka 2006 Gollwitzer na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya namna hiyo, na nguvu yake ikathibitika. Basi kliniki ilikuwa ikimsaidia kila mgonjwa kutafuta tukio lake. Mwingine alichagua kufunga banda la kuku. Mwingine taarifa ya habari ya redio. Na wapo waliochagua kengele ya kanisa.

"Kwa nini wasitumie kengele ya simu?" nikauliza. Akatabasamu. Simu ya mtu ikilia kila siku saa ile ile, mama mkwe atauliza inalilia nini. Kengele ya kanisa inawalilia watu wote. Mtu akiinuka wakati huo akaenda ndani kunywa maji, hakuna wa kumshangaa. Wakwe watadhani amekwenda kusali, na pengine anasali kweli.

Hakunitajia ni wangapi wala ni nani, nami sikuuliza. Nilimwita mtoto wa zamu, mtumikiaji wa miaka kumi na mitatu, akakiri kwamba alikuwa akimalizia kwanza mpira uwanjani. Nilinunua saa ya ukutani nikaitundika sakristia, na nikamwambia tu kwamba kuna watu wanaoitegemea kengele yake. Kwa miaka mingi nilikuwa nimepigisha kengele ile kama desturi. Sasa, ilipolia, nilianza kuwaona rohoni watu nisiowajua wakiinuka katika nyumba zao, na sala yangu ya Malaika wa Bwana haikuwa tena ile ya kumezwa haraka haraka.

Hivyo ndivyo mtaalamu wa namna yake hufanya kazi, wapendwa. Hana sindano wala chumba cha upasuaji. Mwisho wa mwaka kuna mistari katika daftari: fulani hakukosa dawa. Hakuna anayemfanyia Misa ya shukrani kwa jambo ambalo halikutokea.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa rasmi. Barua ya binti yetu ilifika kwa baruapepe jioni; kesho yake alikwenda kukabidhi funguo za kabati. Wauguzi wa serikali walibaki na dawa zikaendelea kutolewa, lakini wale waliokuwa wakifuatilia watoro nyumba kwa nyumba waliondolewa siku hiyo hiyo. Daftari lake alilikabidhi pia. Sasa anafundisha siku mbili kwa juma katika chuo cha uuguzi, kwa malipo ya vipindi, na siku nyingine huandika maombi ya kazi. Ana umri wa karibu miaka arobaini. Mama yake amerudi Misa ya pili, amechoka kujificha, nadhani.

Turudi kwa kijana wa kwaya. Sikumjibu, nilimpeleka kwake. Waliketi barazani kwa mama kwa zaidi ya saa mbili, na mimi nilikuwepo, nikipewa chai na kunyamazishwa kwa heshima. Nilitazamia amkataze. Hakumkataza. Alimwambia amwandikie yule profesa atakayemwongoza na kumwuliza wanafunzi wake waliotangulia wako wapi leo, mmoja mmoja kwa jina. Asiyeweza kujibu, asimfuate. Alimwambia ajifunze takwimu hadi aziote ndotoni, kwa sababu mwenye takwimu huajiriwa hata pale ambapo saikolojia haijulikani ni nini. Akamsimulia habari ya Diederik Stapel, profesa mashuhuri wa saikolojia ya jamii huko Tilburg, aliyegunduliwa mwaka 2011 kwamba alikuwa akibuni data kutoka kichwani mwake na kuwagawia wanafunzi wake wazifanyie kazi. Uchunguzi ulioishia mwaka 2012 ulikuta udanganyifu wake umeingia hata katika tasnifu kumi za uzamivu, za vijana ambao hawakujua. "Kwa hiyo usiandike juu ya namba ambazo hukuzikusanya au hukuziona zikikusanywa," akamwambia. "Hata akikupa mtakatifu."

Kisha akamwuliza swali ambalo mimi sikumwuliza yeye: "Unataka kujua nini?" Kijana akaanza kuzungumza juu ya kujiendeleza, juu ya nafasi na heshima. Akamkatiza. "Hapana, mdogo wangu. Jambo gani unataka kulijua, kiasi kwamba hata ukirudi na usipate kazi hutasema umepoteza miaka?" Kijana alitazama chini muda mrefu. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba baba yake ana kisukari, ameshakatwa vidole viwili vya mguu, na bado huamka usiku kunywa soda kwa siri. Angependa kujua kwa nini.

Yule mama, ambaye muda wote alikuwa akichambua mchele kana kwamba hatusikii, akainua uso akamwambia binti yake: "Huyo mwache aende. Ila asiuze kiwanja."

Kijana bado hajanipa uamuzi wake; ana hadi mwisho wa mwezi ujao kujibu barua ile. Ninyi mnaomfahamu, na najua mmekwisha kumfahamu, msimsumbue kwa maswali baada ya Misa. Mama mmoja wa jumuiya yao ameniuliza kama tunaweza kuchanga nauli ikibidi, nami nimemwambia alipeleke jambo hilo kwanza jumuiyani wakalijadili wenyewe. Hotuba yangu ina nguvu ya asilimia 3.

Naishia hapa kwa juma hili. Imebaki robo saa kabla ya kumi na mbili, na kutoka dirishani naona mpira bado unachezwa. Natoka kwenda kumwita mtoto wa zamu.